Robin Hood kwa watoto wetu: anzia kwenye deni la naiti

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi mkoani Morogoro ameniandikia: "Nataka kuwasimulia upya wanafunzi wa darasa la tano na la sita hadithi za Robin Hood na watoro wengine wa kale wa Uingereza, kwa Kiswahili, na baadaye nizikusanye ziwe kitabu kidogo. Kila ninapogeuka nakuta Robin mwingine: mara kabaila aliyeporwa ardhi, mara mkulima, mara mbweha wa katuni. Yupi nimfuate? Damu iliyomo niifanyeje? Mzazi akija kuniuliza kwa nini namsifia mwizi mbele ya mwanawe, nimjibu nini? Na je, nihamishie kisa kwetu ili watoto wasipotee?"

Mwalimu, nianze na hilo la kwanza, maana hayo mengine yanalitegemea.

Robin mwenyewe, mtu wa nyama na damu, hapatikani. Jina lipo. Katika hesabu za serikali za mwaka 1226 huko York ametajwa mtoro mmoja, yaani mtu aliyeikimbia sheria, Robert Hod, ambaye mali yake ya shilingi 32 na peni 6 ilitwaliwa na dola. Lakini akina Robert walijaa kila kijiji, na Hood nalo halikuwa jina adimu. Kufikia mwaka 1262 karani wa serikali anamwandika mtoro mwingine, wa Berkshire huko kusini, kwa jina la "Robehod" ilhali jina lake halisi ni jingine kabisa. Yaani lilikuwa limekwisha kuwa lakabu ya watu wa namna hiyo. Kisha mnamo mwaka 1377, katika shairi refu la William Langland, anatokea padri mvivu anayekiri kwamba sala ya Baba Yetu haijui vizuri, ila tungo za Robin Hood anazijua. Padri huyo mtie katika utangulizi wako. Darasa lako litamtambua mara moja.

Tungo za zamani kabisa zilizotufikia ni chache. Ule wa Robin na mtawa umo katika hati ya mkono ya takriban mwaka 1450, ule wa Robin na mfinyanzi katika hati ya takriban 1500, na mrefu kuliko yote, uitwao A Gest of Robyn Hode, wenye beti 456, ulipigwa chapa karibu na mwaka huohuo wa 1500. Ndani ya hizo Robin si kabaila. Ni mtu huru wa kawaida, si bwana wala mtwana, anayeishi na wenzake katika msitu wa Barnsdale kule Yorkshire, na mara nyingine Sherwood karibu na Nottingham. Mfalme wake ni Edward, wala haisemwi Edward wa ngapi. Yale tuliyoyazoea yaliongezwa baadaye. Mwaka 1521 mwanahistoria Mskoti, John Mair, alimpeleka Robin zama za Mfalme Richard na nduguye John. Mwaka 1598 Anthony Munday, mtunzi wa michezo ya kuigiza wa London, akampa ukabaila wa Huntington. Uhasama wa Wasaksoni wenyeji na Wanormani waliowateka ukaja na riwaya ya Walter Scott mwishoni mwa 1819. Na yule mwenzao Mwarabu amezaliwa kwenye televisheni ya Uingereza miaka ya 1980. Ana wenyewe kisheria, mwache alipo.

Mimi ningekushauri umfuate Robin wa Gest, na sababu si ukongwe wa maandishi tu. Kabaila aliyeporwa ardhi ana haja moja, arudishiwe ardhi yake. Akirudishiwa, hadithi imekwisha, na wanakijiji waliokuwa wakimficha wanabaki kama walivyokuwa. Robin wa tungo hana cha kurudishiwa. Kinachomfunga na wenzake ni masharti waliyowekeana, na watoto wa miaka kumi, wewe unajua kuliko mimi, ni mafundi wa masharti. Wape mpira uwanjani uone: robo saa nzima ni ubishi wa nani anaruhusiwa kufanya nini, ndipo wacheze.

Masharti hayo yako mwanzoni kabisa mwa Gest. Little John anamwuliza mkuu wake: tumpige nani, tumwibie nani, tumwache nani? Robin anajibu. Mkulima anayelima kwa plau asiguswe. Mtu huru mwema apitaye msituni asiguswe, wala naiti, yaani askari mwungwana wa farasi, ikiwa ni mtu wa watu. Maaskofu na maaskofu wakuu, hao wafungwe na kupigwa. Liwali wa Nottingham, mtu wa mfalme mwenye kukusanya kodi na kukamata wahalifu, asisahaulike kabisa. Msafara wowote wenye mwanamke ndani yake usidhuriwe. Na juu ya hayo Robin ana kaida yake mwenyewe: hali chakula cha mchana mpaka apatikane mgeni wa kula naye, mgeni ambaye baada ya kushiba ataulizwa ana fedha kiasi gani.

Hapo ndipo penye moyo wa hadithi, Mwalimu. Watu husema Robin aliwaibia matajiri akawapa maskini. Ukizisoma tungo za mwanzo utashangaa jinsi jambo hilo lilivyo haba. Gest inaligusa katika mistari yake ya mwisho tu, kwamba aliwatendea maskini mema mengi. Kinachotendeka kweli, tena zaidi ya mara moja, ni mtihani wa ukweli. Mgeni anaulizwa, anajibu, mfuko unakaguliwa. Aliyesema kweli anaondoka na chake. Aliyedanganya anaacha kilichozidi.

Basi anza na naiti. Anaingia njiani akiwa hoi kwa huzuni: mguu mmoja umo katika kikuku cha farasi, wa pili unaning'inia nje, kofia imemwangukia machoni. Mwanawe alimuua mtu katika mashindano ya mikuki. Ili kumwokoa, baba ameweka rehani ardhi yake yote kwa abati, yaani mkuu, wa monasteri ya Mtakatifu Maria mjini York, kwa pauni 400, na siku ya kulipa imefika. Usikimbilie pesa. Waache watoto wamwone kwanza huyu mtu anavyokaa juu ya farasi. Mimi ningeisimulia karamu yenyewe hivi:

Walipokwisha kunawa, Robin aliuliza, "Bwana, una kiasi gani sandukuni?"

"Shilingi kumi."

Msitu mzima ulicheka. Naiti mwenye shilingi kumi! Robin hakucheka. "Kama ni kumi, sitagusa hata moja. Ukihitaji zaidi nitakukopesha. John, kaangalie."

Little John alitandika joho lake chini, akalifungua sanduku, akalipindua. Akahesabu. Akalitikisa tena, akachungulia ndani, akapiga kitako kwa kiganja. Kisha akarudi taratibu.

"Vipi?" Robin aliuliza.

"Bwana huyu ni mkweli," John alisema. "Mjazie divai."

Unaona kwamba sikumweleza msomaji maana yake. Naiti kapimwa, kafaulu, na watoto wamefanya mtihani pamoja naye. Kulitikisa sanduku ni nyongeza yangu. Utungo unasema tu kwamba John alilimwaga juu ya joho akakuta nusu pauni. Nyongeza za namna hiyo unaruhusiwa, maana haziharibu kitu, na wasimuliaji wa wakati ule walifanya hivyohivyo.

Pauni 400 zitawapita watoto kama upepo, kwa hiyo wafanyishe hesabu. Pauni moja ni shilingi 20, na shilingi moja ni peni 12. (Wazee watakuambia nasi tulihesabu pauni kwa shilingi ishirini zama za shilingi ya Afrika Mashariki.) Mpiga upinde wa miguu katika jeshi la Edward wa Tatu alilipwa peni 3 kwa siku. Wagawanye wenyewe: deni la naiti ni mshahara wa siku 32,000, miaka 87 na ushei bila kupumzika hata Jumapili. Ndipo watakapoelewa kwa nini kikombe kilimtetemeka mkononi, kama utapenda kimtetemeke.

Robin anamkopesha zote. Anauliza mdhamini ni nani. Naiti anasema hana, isipokuwa Bikira Maria. Robin, ambaye anampenda Maria kuliko watakatifu wote, anasema hajapata kusikia mdhamini bora. Kisha wanampa nguo, na Little John anapima kitambaa kwa kutumia upinde wake badala ya fimbo ya kupimia, na kila anapopima anaruka futi tatu zaidi, mpaka Much mwana wa msaga nafaka analalamika huyu ni muuza vitambaa wa aina gani. Scathelock, mwenzao mwingine, anacheka: ana haki ya kuwa mkarimu, hakukinunua! Kipande hicho usikikate hata kama kitabu kinakuwa kirefu.

Najua mwalimu mwenye darasa mchanganyiko, Waislamu kwa Wakristo, anaweza kuogopa huyo mdhamini. Usimwondoe. Kamba yote ya kisa imefungwa kwake. Mwaka unapita, siku ya malipo naiti anachelewa, na badala yake msituni anapita mtawa wa monasteri ileile ya Mtakatifu Maria. Anaulizwa ana kiasi gani, anasema marki 20, yaani kama pauni 13. Little John anatandika joho tena, zinamwagika pauni zaidi ya 800. Robin anafurahi: Maria kalipa deni, tena mara mbili! Watoto wa Kiislamu wanamjua Bibi Maryamu na heshima yake; kichekesho hakimhusu yeye, kinamhusu mtawa. Nao inabidi waambiwe kwamba monasteri kubwa za wakati ule zilikuwa na mashamba, wapangaji na wadeni kama mwenye ardhi mwingine yeyote, la sivyo watadhani Robin ana ugomvi na dini. Yeye ndiye anayependa kusali kuliko wote humo, na kama utakavyoona, sala nusura imuue.

Huyo mzazi, basi. Usimjibu kwa kusema Robin si mwizi. Ni mwizi, na tungo zinakiri. Mweleze sheria aliyokuwa nje yake. Mtu aliyeshtakiwa aliitwa katika baraza la jimbo, kikao baada ya kikao. Asipotokea alitangazwa kuwa nje ya sheria. Mali yake ilikwenda, na zama za mwanzo aliyemkuta aliweza kumuua kama anavyoua mbwamwitu. Na "msitu wa mfalme" haukuwa miti peke yake. Ulikuwa eneo la kuwindia lililomeza vijiji na mashamba, na kulungu aliyeingia shambani kula ngano ya mtu alikuwa wa mfalme. Mpaka ulipotoka Mkataba wa Misitu wa mwaka 1217, aliyeua kulungu huyo aliweza kukatwa kiungo au kuuawa. Mkataba ulikomesha hilo: atozwe faini, na asiye nacho akae gerezani mwaka mmoja na siku moja. Mwulize mzazi kama angependa mwanawe aweze kujadili sheria ya namna hiyo darasani. Wengi watasema ndiyo. Atakayekataa, mpe naiti asome. Sijui mahubiri dhidi ya uongo yanayomzidi.

Tena mwizi huyu anaibiwa, anakosea na kuaibika, na hapo ndipo picha nyingi za siku hizi zinapomdhulumu kwa kumfanya mtakatifu. Mfinyanzi anampiga. Ndiyo, anampiga kabisa, njiani, kwa fimbo. Robin anakubali kushindwa, wanabadilishana nguo, anaingia Nottingham na mkokoteni wa vyungu, na kwa kuwa hajui biashara anauza vyungu vya peni tano kwa peni tatu. Vinakwisha mbio, vinabaki vitano, hivyo anampelekea mke wa liwali bure. Anaalikwa chakula. Mwisho liwali anafuata msituni akiahidiwa kuonyeshwa Robin Hood, anaonyeshwa, na anarudi nyumbani bila farasi wala vitu vyake. Mkewe anacheka: sasa umelipia vile vyungu! Hiki kisomwe kwa sauti. Mke wa liwali mpe mwanafunzi anayejua kucheka.

(Hila hiyo ya ufinyanzi ni ya kale kuliko Robin. Ilikwisha simuliwa kwa Kilatini katika karne ya 12 kuhusu Hereward, mtu wa kweli aliyempinga William Mshindi, mfalme wa Wanormani wale, kwenye mabwawa ya Ely mwaka 1070 na 1071. Yeye naye aliingia kambi ya mfalme akiuza vyungu.)

Sasa damu. Tungo zina damu nyingi kuliko filamu. Guy wa Gisborne, mwindaji wa watu aliyevaa ngozi ya farasi, anakatwa kichwa, na Robin anakichanja uso kwa kisu kisitambulike. Hilo la uso liache. Sema Guy alikufa, Robin akavaa ngozi yake na kupiga baragumu lake ili amdanganye liwali. Kisa hakipungui kitu.

Kigumu ni kisa cha mtawa, kwa sababu ndicho bora kuliko vyote. Robin na Little John wanashindana kulenga shabaha, John anashinda shilingi tano, Robin anakataa kulipa na kumpiga kofi. John anaondoka. Robin, kwa ukaidi, anakwenda Nottingham peke yake kusali misa. Mtawa anamtambua kanisani, milango ya mji inafungwa, upanga unamvunjikia Robin juu ya kichwa cha liwali, anakamatwa. Mtawa anapelekwa kwa mfalme na barua ya habari njema. Njiani anakutana na Little John na Much, wanajifanya wasafiri wema wa kumsindikiza. Kisha John anamkata mtawa kichwa, na Much anamuua kijana mtumishi aliyefuatana naye, asije akasema.

Kijana huyo hana kosa. Utungo wenyewe hausemi ana kosa. Unasema tu sababu, kisha unaendelea. John anapeleka barua kwa mfalme yeye mwenyewe, anatunzwa pauni 20, anarudi na muhuri wa mfalme, anamlevya liwali kwa divai na kumtoa Robin gerezani. "Umenitendea ubaya, nimekulipa wema," anamwambia. Robin anampa ukuu wa kundi. John anaukataa, anataka kuwa mwenzake tu. Hata mfalme, alipojua amechezewa, anaishia kuusifu uaminifu wa John.

Utafanyaje? Kwa watoto wa miaka minane ningemwondoa kijana tangu mwanzo: mtawa asafiri peke yake. Kwa darasa lako la sita ningemwacha. Ningesema amekufa, ningesema na sababu, halafu ningemfanya Much atembee nyuma ya John maili nzima bila neno. Watoto wataanza kubishana wenyewe kama ilikuwa lazima. Jambo moja nakukataza: usimgeuze kijana huyo kuwa mwovu, akawa jasusi au mkorofi, ili kifo chake kimstahili. Nimeona miswada mingi ya watoto ikifanya hivyo, na ni udanganyifu mbaya kuliko damu. Mtoto anafundishwa kwamba kila aliyeuawa na mtu wetu alikuwa na lake.

Wasichana watakuuliza wako wapi. Marian hayumo katika tungo za mwanzo. Aliingia kwa njia ya sherehe za mwezi wa Mei, ambako yeye na Robin walikuwa wahusika wa ngoma na michezo, na asili ya jina lake ni nyimbo za Kifaransa za wachungaji. Lakini karne ya 17 upo utungo ambamo anavaa mavazi ya kijana wa kiume, anaingia msituni na upanga, na Robin asiyemtambua anapigana naye saa nzima hadi wote wawili wanatoka damu. Huyo ndiye wa kumchukua, kuliko yule wa dirishani anayengoja kuokolewa. Kuna na bibi kizee ambaye Robin, akikimbizwa na askofu, anabisha hodi kwake. Bibi anakubali kubadilishana naye nguo kwa sababu anakumbuka: Jumamosi moja usiku Robin alimletea viatu na soksi ndefu. Ukitaka kuonyesha wema wake kwa maskini, onyesha viatu hivyo. Magunia ya dhahabu yanayorushwa sokoni waachie watu wa filamu.

Usimwishie Robin peke yake. Kisa kinachofuata kwa uzuri ni cha watoro watatu wa msitu wa Inglewood, karibu na Carlisle: Adam Bell, Clim wa Clough na William wa Cloudesley. William anamtamani mkewe Alice na watoto wao watatu, anaingia mjini kwa siri. Kikongwe waliyemlisha nyumbani kwa hisani miaka saba anakwenda kumsaliti, analipwa gauni jekundu. Nyumba inazingirwa. Alice anashika shoka na kusimama mlangoni. Nyumba inatiwa moto. William anawashusha mke na watoto kwa mashuka kupitia dirisha la nyuma, naye anaendelea kurusha mishale mpaka uzi wa upinde unaungua. Anayewahi kupeleka habari msituni ni mtoto mchunga nguruwe. Baadaye, mbele ya mfalme, William analenga tufaha juu ya kichwa cha mwanawe wa miaka saba kutoka hatua 120. Utalazimika kusema darasani, kwa uso mkavu, kwamba jambo hilo lisijaribiwe kwa manati wala kwa embe.

Gamelyn, mdogo wa mwisho aliyedhulumiwa urithi na kaka yake, ni kisa kizuri cha karne ya 14, lakini kinaishia kwa kunyongwa hakimu, liwali na baraza zima. Mpeleke sekondari.

Kuhusu kuhamishia kisa kwetu, jibu langu ni hapana. Ukitia mbuyu Sherwood umepoteza vyote viwili. Ugeni wenyewe una kazi. Tungo nyingi zinaanza kwa kusifu kiangazi cha kule, majani mapana na ndege wakiimba, na mtoto wa Morogoro hawezi kujua kwa nini mpaka umwambie kwamba miti ya mialoni hupukutika yote wakati wa baridi. Majani yakianguka, mtoro hana pa kujificha, na moshi wa moto wake unaonekana mbali. Kwa hiyo msitu ukiwa kijani si pambo tu, ni nyumba iliyopata kuta. Ukishaliweka hilo, unaweza kuwaachia wasanii wako wa darasa ubeti wa utenzi wa kufungulia kila kisa, maana nazo tungo hizo ziliimbwa au kughaniwa kwa beti za mistari minne, na zilianza kwa kuwaita wasikilizaji wakae kimya. Huu ni wangu, utengeneze wako:

Msitu wote kijani,
ndege wapo matawini,
upinde u mkononi,
mgeni wamngojea.

Mizani minane kila mstari, kina cha mwisho kikibaki kilekile katika beti zote. Baada ya ubeti mmoja rudi kwenye nathari. Kisa kizima kwa tenzi kitakuchukua mwaka.

Limebaki la mwisho wa Robin, ambalo waandishi wa watoto hulikwepa. Kwanza mfalme anakuja msituni amevaa kama abati, anashindana nao kulenga shabaha, na anayekosa anapigwa kofi na mwenzake. Robin anakosa kwa vidole vitatu. Anamwomba "abati" ampige yeye, na kofi linamlaza chini. Ndipo anapomtazama vizuri usoni. Anasamehewa, anachukuliwa ikulu, na baada ya miezi kumi na mitano fedha zimekwisha na roho inamwuma. Anaomba ruhusa ya siku saba kwenda kusali Barnsdale. Anakaa huko miaka 22. Mwishowe, akiwa mgonjwa, anakwenda kwa ndugu yake, mama mkuu wa watawa wa Kirklees, kutolewa damu kama tiba ya siku zile ilivyokuwa. Ndugu huyo, kwa njama na mwanamume mmoja, anaiacha damu itiririke mpaka Robin anakufa. Katika utungo wa baadaye Little John anataka kuichoma nyumba ile ya watawa, na Robin anamkataza: katika maisha yangu sikumdhuru mwanamke, sitaanza leo.

Usikikate kifo hicho eti watoto wataumia. Ni sharti lile la mwanzoni, sasa linamgharimu kisasi chake. Na watoto wa lugha hii wana Fumo Liyongo, mpiga mishale mwingine aliyewindwa na mtawala akakimbilia msituni, na ambaye katika utenzi wa Muhammad Kijumwa wa mwaka 1913 anauawa na mwanawe mwenyewe kwa sindano ya shaba kitovuni. Hakuna aliyewahi kutufichia sindano hiyo. Ukiweza, wasomee Liyongo wiki moja kabla, kile kisa cha kuangusha makoma kwa mishale badala ya kukwea mti alikotegewa. Watamfikia Robin wakiwa wameshajua kwamba mpiga upinde hodari humalizwa na wa nyumbani.

Mchoraji wako mwambie upinde uwe mrefu kuliko mtu. Katika meli ya kivita Mary Rose, iliyozama mwaka 1545 na kuibuliwa 1982, zilipatikana pinde zaidi ya mia, nyingi zikikaribia mita mbili au kuzidi. Na asinakili sura ya muigizaji yeyote wala ya yule mbweha. Maneno hayana mwenyewe: karibu tungo zote nilizokutajia zimo katika mkusanyo wa Francis James Child, uliotoka kwa awamu kati ya mwaka 1882 na 1898, na haki zake zilikwisha zamani. Gest humo ni namba 117. Kiingereza chake kitakusumbua kurasa kumi za kwanza. Kisome kwa sauti, utakizoea.